Bodi ya Njano

Mume wangu hajawahi kukosea kona. Kona ndizo zinazomkosea yeye. Ukimsikiliza akirudi kwenye meza yetu kando ya uwanja na gari lake dogo mkononi, tairi limechomoka na bodi imechanika ubavuni, utadhani ule mpira wa maji uliotandazwa kuonyesha mwisho wa njia umenyanyuka wenyewe ukamfuata. Mara shokapu ni laini mno. Mara gia ya mota ni kubwa. Mara lami ina vumbi. Yeye anaeleza, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, namsikiliza siku yangu pekee ya kupumzika.

Mimi ni dobi. Napiga pasi mashuka ya hoteli, nimesimama kutwa nzima, na mvuke umeshanipika nusu. Yeye alikuwa dereva wa basi mpaka kampuni ilipomstaafisha, na ndiyo maana kila mtu anamwita Dereva, hata mimi. Siku aliyokabidhi ufunguo alirudi akakaa sebuleni, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Alikaa hivyo wiki nyingi. Kisha mdogo wake akamletea boksi: gari la umeme la mashindano, la kuunga mwenyewe, limelala humo vipande vipande kwenye vijifuko, pamoja na rimoti yenye usukani mdogo wa sponji ubavuni. Aliushika ule usukani kwa vidole viwili, akauzungusha kidogo, na nikamwona mume wangu amerudi. Kwa hiyo meza ya kulia ilipogeuka gereji sikufungua mdomo. Tulihamishia sahani zetu kwenye mkeka.

Mwanzoni marekebisho yake yalikuwa ya haki kabisa. Magurudumu yalikuja na vipete vya plastiki ndani. Akavitoa akaweka beringi, na gari likawa linateleza lenyewe ukilipuliza. Akatoa shokapu za springi tupu akaweka za mafuta. Nilimsaidia kuzijaza, tone kwa tone, tukisubiri mapovu yapande juu yaishe. Ni kazi ya subira, na subira ndiyo mtaji wa dobi. Akaanza kumaliza mbio katikati ya kundi, halafu mbele ya kundi. Siku aliyompita Fundi Meno, anayetengeneza meno ya bandia na kucheka kama anayatangaza, alirudi nyumbani akiimba.

Halafu akaanza kugonga upande wa kulia.

Madereva husimama juu ya tela la lori lililoegeshwa kando ya uwanja, uwanja wenyewe ukiwa ni maegesho ya duka la samani lililofungwa. Kutoka pale juu njia yote iko mbele yako, kushoto hadi kulia. Kushoto mume wangu alipita vizuri kama zamani. Gari likienda kulia tu, mgongano. Akasema vyuma vya kuzungusha magurudumu vimepinda, akaweka vya chuma kigumu zaidi. Akagonga. Akasema kimota kinachopinda tairi za mbele ni kizito, akanunua chepesi. Akagonga. Akalaumu betri.

Mimi naishi naye. Nilimwona anavyomimina chai ikapita kando ya kikombe, akafuta meza haraka kabla sijageuka. Nilimwona anavyogonga bega kwenye fremu ya mlango, bega la kulia siku zote. Tukiwa njiani, jirani akimsalimia kutoka kulia alikuwa anashtuka. Baba mkwe alimaliza miaka yake akipapasa kuta za nyumba yake mwenyewe. Presha ya macho. Daktari aliwaambia wanawe wote, kwa sauti, mbele yangu, kwamba ugonjwa huu hupita kwenye damu, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mtu akiwahi. Mdogo wake alikwenda kupima. Mume wangu alisema atakwenda, na mpaka leo yuko njiani.

Nilimgusia mara mbili tatu. "Macho yangu yamebeba abiria wa mji mzima," alinijibu, "hayawezi kushindwa na kitoto cha gari." Nami nimetoka kazini, mgongo umekufa ganzi, sina nguvu ya kugombana na mtu mzima. Nikatafuta njia ya mkato, njia ya waoga.

Bodi za magari haya huja bila rangi, plastiki nyembamba unayoweza kuona upande wa pili, na rangi hupulizwa kwa ndani. Unaziba madirisha kwa karatasi ya gundi, unapuliza, inakauka, halafu unabandua ngozi nyembamba inayoikinga kwa nje na inang'aa. Yake siku zote ilikuwa bluu iliyokolea, rangi ya basi lake. Bodi ilipochakaa akanituma kopo jipya la rangi, kwa kuwa duka liko karibu na kazini kwangu. Nikarudi na njano. Njano kali, ile ya kuumiza jino.

"Bluu imekwisha dukani," nilisema.

Aliligeuza lile kopo mkononi, akalisogeza dirishani.

"Njano ni rangi ya mtu anayetaka aonekane," akasema.

"Si mbaya kuonekana."

"Haya," akasema, na akapuliza njano.

Ilisaidia kidogo. Mashindano mawili hivi aligonga mara chache, nami nikajiona mjanja. Baadaye mambo yakawa yale yale, akaanza kuzungumzia mota mpya, yenye nguvu zaidi. Nilitaka kulia. Mtu asiyeona ukuta anatafuta mwendo wa kuufikia haraka.

Mota ikanunuliwa, ikafungwa, na siku ya mashindano ikafika, siku ya mawingu mazito tangu asubuhi. Mchujo wake alianza vizuri, gari la njano likitoka kona za kushoto kama limetemwa, na kila likienda kulia likapiga mpira wa maji, likazunguka, likaanza upya. Alimaliza wa mwisho. Akashuka kwenye tela akagusa mota kwa kidole.

"Ya moto," akasema. "Gia ni kubwa. Nilijua."

Kuna desturi moja pale ambayo haina mkubwa wala mdogo: ukishamaliza mbio zako, unavaa kizibao cha kung'aa na kusimama kwenye kona kuokota magari ya mchujo unaofuata. Gari likipinduka, unalikimbilia, unaliweka sawa, unarudi mahali pako. Kuokota ndiyo nauli ya kukimbia. Hata Katibu, mwenye kipaza sauti na sheria zote kichwani, huokota. Mume wangu akapangiwa kona ya mbali.

Mchujo ule ulikuwa na Fundi Meno, na alikuwa anaongoza. Alipofika kona ya mbali akaingia kwa pupa, gari likapinduka, likateleza kwa mgongo hadi kando ya kiatu cha kulia cha mume wangu. Likalala pale, tairi zinazunguka hewani, mota inalia.

Mume wangu alisimama tu.

"Mguuni kwako!" watu wakapiga kelele kutoka kwenye tela. "Dereva! Mguuni!"

Akageuka kushoto. Akatazama mbele. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeitwa kwenye giza, na ilikuwa mchana. Magari mengine yakaja kwa kasi, akayasikia, akarudi hatua moja kuyapisha, na mguu wake ukatua juu ya gari la Fundi Meno. Tulisikia bodi ikipasuka mpaka kule mezani.

Katibu akasimamisha mbio. Fundi Meno akashuka, nami nikajiandaa kwa maneno, maana ulimi wake ni mrefu. Akaokota gari lake, akalitazama, akamtazama mume wangu.

"Bodi tu, mzee wangu," akasema taratibu. "Gari lenyewe zima. Plastiki hainiumizi kichwa."

"Jua," mume wangu akasema. "Jua limenipiga machoni."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wangu alilisingizia siku ambayo halikutoka kabisa. Hakuna aliyecheka. Wale watu hucheka kila kitu, na siku hiyo walitazama viatu vyao, na hapo ndipo nilipoumia.

Akarudi mezani, akafungua bodi ya njano, akachukua bisibisi abadilishe gia. Ilibaki fainali ya walioshindwa, yake, kisha fainali kubwa. Ncha ya bisibisi ikatua pembeni ya skrubu. Ikatua tena pembeni. Nikamshika mkono.

"Acha."

"Nikiweka gia ndogo..."

"Gia haina kosa. Mota haina kosa. Umebadilisha beringi, shokapu, vyuma, betri, kila kitu. Kitu pekee ambacho hakijabadilishwa kwenye hili gari ni wewe."

Akasema, bila hasira, "Mimi sina spea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Najua huna," nikasema. "Ndiyo maana nataka tutunze iliyobaki. Unaogopa nini?"

"Unajua ninachoogopa. Baba alikuwa ananiuliza kama kumekucha, akiwa amekaa dirishani juani." Akaiweka bisibisi chini. "Nikienda, watanipa jina la ugonjwa. Nisipoenda, ni gari tu lina shida."

"Mficha maradhi..."

"Naijua, mama, usinimalizie." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuchoka. "Na ile bluu haikuwa imekwisha. Nilipita dukani siku ya pili yake. Zilikuwa zimejaa rafu nzima."

Damu ikanipanda usoni. "Uliziona?"

"Niliuliza," akasema.

Muda wote ule nilikuwa namficha kwamba najua, naye alikuwa ananificha kwamba anajua ninajua, tukipishana jikoni na siri ile ile. Nilijisikia mzito kuliko siku ya mashuka ya harusi.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Ulijitahidi sana na lile kopo. Sikutaka kukuharibia."

Katibu akaita fainali ya walioshindwa. Mume wangu akashika rimoti, akasita. "Njoo usimame nami. Upande wa kulia. Uniambie."

Sijawahi kupanda lile tela. Nilipanda na miguu yangu hii, nikasimama begani kwake, madereva wengine wakasogea kutupisha bila kuulizwa. Gari likianza kwenda kulia nikawa namwambia: bado, bado, sasa kata. Mwanzoni nilichelewa, tukagonga. Halafu tukapatana. Nikisema, vidole vyake vikawa vimeshazungusha ule usukani wa sponji, laini, kama alivyokuwa akileta basi kituoni bila kumwamsha aliyelala. Hatukushinda. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa ameishiwa betri. Lakini mizunguko ya mwisho hatukugusa mpira hata mara moja, na nilisikia pumzi yake ikitulia kando yangu.

Alipozima rimoti akakaa nayo kidogo, akanikabidhi. "Kesho omba ruhusa kazini," akasema. "Twende kliniki. Usiniache niende peke yangu, sitafika."

"Nitaomba."

"Hata wakikataa?"

"Wakikataa, mashuka watayanyoosha kwa mikono."

Katibu akaja na kizibao, maana desturi ni desturi: aliyekimbia fainali ndogo anaokota fainali kubwa. Kipaza sauti kilikuwa bado hakijazimwa mkononi mwake. Mume wangu alikipokea kile kizibao, akakishika, akakirudisha.

"Siwezi kuokota," akasema. "Upande wa kulia sioni."

Kipaza sauti kikayabeba maneno hayo mpaka mwisho wa maegesho, kwenye mabati ya duka na kurudi. Uwanja mzima ukasikia. Katibu akatafuta kitufe cha kuzima, amechelewa. Mume wangu alikuwa amesimama wima, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi.

"Pole, Dereva," Katibu akasema.

"Nipe mimi," nikasema. Nikavaa kizibao, ambacho hakikufunga kifuani.

Kabla sijaondoka nilimwona akichomoa pini za bodi yake. Alimpelekea Fundi Meno, aliyekuwa anabandika yake kwa karatasi ya gundi na haishiki.

"Chukua hii. Vijiti vya kuishikia kwenye gari langu ni urefu mmoja na vya lako."

"Mzee, hii ni yako. Nani asiyeijua?"

"Ndiyo. Nataka kitu cha kufuata kwa macho."

Fundi Meno akaipokea kwa mikono miwili. "Shemeji," akaniambia, "nikipinduka kwako usinikanyage." Tukacheka wote watatu, kicheko kifupi, cha watu wasio na nguvu ya kirefu.

Nikaenda kona ya mbali, nikasimama kwenye lami ngumu, miguu inawaka. Mume wangu akakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Fainali ikaanza, njano ikatangulia. Kutoka pale niliona kichwa chake kikiifuata. Ikiwa kushoto aliifuata sawasawa. Ikivuka kwenda kulia, kichwa kilisimama, kikatulia, kikasubiri mpaka irudi. Mzunguko baada ya mzunguko. Nililia pale konani na kizibao changu kidogo, na sikujificha.

Karibu na mwisho Fundi Meno akaleta pupa yake ile ile. Gari la njano likapanda mpira, likabingirika, likaja kunilalia miguuni. Kule kwenye kiti kichwa kilikuwa kimesimama, kinasubiri, na kusubiri kukazidi.

"Mama!" akaita. "Ni letu?"

"Letu!" nikamjibu. Nikainama, mgongo ukalia, nikaligeuza, nikalielekeza mbele, nikaliachia. "Linakuja kushoto sasa!"

Akageuza kichwa mapema, akalingoja.