Mama Émérence Ateremka Kilima

Kilo mia moja na sita. Papa Sébastien, muuguzi wa zahanati, aliisoma namba hiyo kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti, halafu akainama na kuchungulia chini ya mizani, kama vile kulikuwa na mtu wa pili aliyekanyaga bila kuonekana.

"Niko peke yangu, Papa," akasema Mama Émérence.

"Ninaona, Mama. Ninaona."

Huo ulikuwa mwaka 1963, na mji wa Kalemie bado uliandikwa Albertville kwenye kibao cha stesheni. Mama Émérence alikuwa mshonaji, mke wa Papa Banza, fundi wa karakana ya reli. Walikaa juu ya kilima kwenye nyumba za wafanyakazi, na tangu asubuhi mpaka jioni yeye alikuwa barazani nyuma ya cherehani yake, miguu tu ndiyo inacheza. Siku hiyo alikuja zahanati kwa sababu ngazi tatu za baraza yake zilikuwa zimegeuka mlima. Akizipanda, kifua kinapiga kama ngoma ya harusi na magoti yanalia kama bawaba kavu.

Papa Sébastien akampima msukumo wa damu mkononi, akakunja uso. "Zamani hukuwa hivi. Mimi nilikuona ukicheza kwenye ndoa ya mdogo wako. Watu walikupisha."

"Zamani hakukuwa na vita, Papa. Miaka ile miwili ya fujo sikutoka nje. Wakipiga bunduki barabarani, mimi naweka karai ya mafuta motoni. Wengine walikuwa wanasali, mimi nilikuwa nakaanga mandazi."

"Na ulikuwa unayala?"

"Sasa ningempa nani? Hakuna muntu aliyekuwa anapita."

Papa Sébastien alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa, akasema naye taratibu, kama kaka. Mawese kijiko kimoja kwenye sufuria, si nusu chupa. Chai bila ile milima ya sukari. Bukari, yaani ugali, nusu ya kawaida, mboga mara mbili: lengalenga, matembele, sombe isiyoelea kwenye mafuta. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma. Na kutembea kila siku, kidogo kidogo.

"Sikuambii uache kula," akamalizia. "Nakuambia ule kama muntu mwenye kufanya kazi, si kama muntu mwenye kuangalia kazi ikifanywa."

Chakula cha kwanza cha mtindo mpya kilikuwa msiba kwa Papa Banza. Alinawa, akavuta kiti, akaangalia sahani.

"Bukari iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Hii si ya kuonja?"

"Ndiyo, njo hiyo yenyewe, Papa. Kula na mboga."

Banza alikuwa mwanamume mpole, mkubwa wa tumbo na mdogo wa maneno. Akala. Akala na lengalenga, akala na samaki mugebuka wa kuchemsha na nyanya na ndimu, akaramba vidole, akasema ni tamu. Lakini juma lile lile Émérence, akitafuta bisibisi ya kukazia cherehani, alifungua sanduku la vyombo vya mumewe na kukuta mandazi manne yamefungwa ndani ya gazeti, kati ya spana na koleo. Alilifunga sanduku polepole. Aliona huruma. Halafu aliona njaa, akalifungua tena, akala moja, akalifunga kabisa.

Kutembea alianza na jirani yake Mado, mwanamke mwembamba kama uzi wa cherehani, ambaye hakuhitaji kupungua hata kidogo, ila alihitaji mtu wa kumsikiliza. Walihesabu nguzo za simu. Siku ya kwanza zilikuwa mbili, na kwenye ya pili Mama Émérence aliketi juu ya jiwe akatangaza kwamba atahamia pale. Juma la pili zikawa tano. Mwezi wa pili walifika soko la chini bila kupumzika, na Mado alikuwa amekwisha maliza habari zote za ukoo wake na kuanza za ukoo wa mume.

Haikuwa njia iliyonyooka. Kwenye sikukuu ya ekaristi ya kwanza ya mpwa wake alikula mandazi kumi na moja, nyama ya kukaanga na wali wa mafuta, na kesho yake akaenda zahanati na uso wa mwizi. Papa Sébastien hata hakumpandisha kwenye mizani. "Jana ulikula sikukuu," akasema. "Leo si sikukuu. Nenda ukatembee."

Na akaenda.

Mwezi wa nne yalitokea ya sokoni. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mama Rosalie, muuza samaki, mkono wa kushoto umeshika kapu, wa kulia umenyanyua mugebuka mzuri wa asubuhi, anabishana bei. Kikwembe chake alikuwa amekifunga kwa mazoea, fundo lile lile la siku zote. Ila kiuno hakikuwa kile cha siku zote. Kikwembe kikashuka kidogo, kikasita kwenye nyonga kama mgeni mlangoni, halafu kikaanguka chini chote, pu! Akabaki na gauni la ndani jeupe lenye lesi, samaki juu mkononi kama bendera.

Mama Rosalie akaangalia kikwembe chini, akamwangalia Émérence, akaweka mkono kinywani na kupiga kigelegele. Meza ya pili ikaitikia. Meza ya nyanya ikaitikia. Wauza samaki wadogo wa ndagala wakasimama. "Mama Émérence amepungua! Mama Émérence amepungua!" Naye, badala ya kuona haya, alihisi kicheko kikitoka mbali sana tumboni, kikapanda, kikamshinda, akacheka mpaka machozi, akacheka mpaka samaki akamponyoka na kuanguka juu ya kikwembe. Mado ndiye aliyemfunga nguo, huku naye hawezi kusimama wima. Samaki alipewa bure.

Tangu siku hiyo miguu yake haikutaka tena mwendo wa polepole. Mado alianza kulalamika: "Yaya, dada yangu, unanikimbiza. Nitamaliza viatu." Ndipo jicho la Mama Émérence likatua kwenye baiskeli ya mumewe.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, ya kiume, yenye nguvu. Banza alikuwa haendi nayo tena kazini tangu reli ianze kuwapelekea mafundi lori, lakini kila Jumapili aliipangusa kwa kitambaa, spoki kwa spoki za magurudumu.

"Papa, nifundishe velo," akamwambia siku moja.

Banza alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akasema bila ubaya wowote, "Mama, itavunjika."

Neno lile lilimchoma. Alikwenda kwenye cherehani, akakunjua vikwembe viwili vya bluu vyenye maua ya manjano, akakata, akashona mchana wote. Mashine ilipotulia alikuwa ameshona kitu ambacho hakuna mtu mtaani aliyewahi kukiona: ukisimama ni sketi pana ya heshima, ukipanua miguu ni suruali. Mado alikizunguka mara tatu. "Hii inaitwaje?"

"Haijapata jina. Kesho asubuhi njoo unishikie kiti cha baiskeli."

Walijifunza nyuma ya maghala ya bandari, pale njia ilipo tambarare na ziwa liko karibu, Banza akiwa amekwisha kwenda kazini. Mado anashika kiti na kupiga kelele, Émérence anashika usukani na kupiga kelele zaidi. Alianguka kushoto. Alianguka kulia. Mara moja aliingia kwenye nyavu za kukaushia ndagala na wenyewe wakamtoa kwa heshima, kipande kwa kipande. Asubuhi ya tisa alikuwa akikanyaga, akisema, "Usiniache, Mado, usiniache," na Mado akamjibu kutoka mbali, mbali kabisa, "Nilikuacha zamani!" Upepo wa ziwa ukamwingia katika suruali ile isiyo na jina ukaijaza kama puto. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Alipiga yowe la furaha hata ndege wakaruka juu ya paa la ghala.

Mizani ilisema tisini na mbili siku gauni la harusi la Virginie, binti wa mtaani, lilipokuja kuchukuliwa. Alikuwa anaolewa Nyunzu Jumamosi, na mwalimu wa huko, na angeondoka asubuhi hiyo hiyo na treni ya saa tatu. Shangazi yake alipita mbio, akabeba furushi lililofungwa kwa karatasi ya kaki, akasema asante, akateremka.

Saa tatu kasoro dakika kumi Mama Émérence alifungua furushi lililobaki mezani ili apige pasi mapazia ya nyumba ya mapadri. Ndani hakukuwa na mapazia. Kulikuwa na gauni jeupe, mikono ya lesi, vifungo ishirini na viwili alivyovivika nguo kimoja kimoja.

"Mado!" akapiga kelele juu ya ua. "Virginie anakwenda kuolewa na mapazia!"

Hakukuwa na lori, hakukuwa na mwanamume, na kwa miguu asingefika. Baiskeli iliegemea ukuta. Alilikunja gauni ndani ya shuka safi, akalifunga mgongoni kama mtoto, akavaa suruali yake, akapanda.

Kumbuka, alikuwa amejifunza kwenye tambarare. Kilima hakuwahi kukiteremka juu ya baiskeli; kila siku waliisukuma kwa mikono. Nguzo ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na baada ya hapo hakuona tena nguzo, aliona uzio tu wa nguzo. Alibana breki, breki ikatoa sauti ya paka na baiskeli ikaendelea na safari yake. "Pisheni!" akalia. "Pisheni, jamani, sina breki!" Mwanamume mmoja aliruka mtaro na kofia yake. Mbuzi watatu walitawanyika. Hofu ilimshika kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha ikamwachia, na mahali pake pakaja kitu kingine, chepesi, cha kutekenya, na Mama Émérence akajikuta anacheka peke yake katikati ya barabara, anateremka kama maji. Wa sokoni walimsikia kabla ya kumwona. "Njo yeye!" akapaza sauti Mama Rosalie. "Njo Mama Émérence na velo!" Vigelegele vikamsindikiza mpaka kwenye kona, akaipinda kona, na tambarare ya stesheni ikampokea na kumpunguzia mwendo.

Aliingia kwa lango la mizigo. Treni ilikuwepo! Ilikuwepo imetulia kabisa, abiria wamekaa madirishani wakila ndizi, kwa sababu behewa moja lilikuwa na hitilafu na mafundi walikuwa chini yake. Alipita kando ya mabehewa yote, kengele ikilia, akitafuta uso wa Virginie, na alipouona aliruka chini akasimama mbele ya dirisha, jasho linamchuruzika.

"Fungua furushi lako!"

Virginie akafungua. Yakatoka mapazia ya kijani yenye picha za majani ya mihogo. Shangazi akashika kichwa. Behewa zima likaangua kicheko, bibi harusi akiwa wa kwanza, anacheka na kulia, anajifunika pazia kichwani kama shela. Mama Émérence akafungua shuka mgongoni na kumpitishia gauni dirishani, safi, halina hata doa.

Hapo ndipo kichwa kikatokea chini ya behewa, kimejaa grisi. Kilikuwa cha Papa Banza. Kikaangalia magurudumu ya baiskeli yake, kikapanda kwenye suruali ya maua, kikafika usoni kwa mke wake.

"Mama."

"Papa."

"Umekuja na velo."

"Nimekuja nayo."

Banza akatambaa akatoka, akapangusa mikono kwenye kitambaa, akaizunguka baiskeli. Haikuwa imevunjika. "Nani alikufundisha?"

"Mado."

"Mado hajui kupanda velo."

"Njo maana nilianguka sana."

Banza alitaka kubaki na uso wa mwenye mali, lakini mdomo wake ulianza kutetemeka pembeni, na mara mafundi wote wa reli wakamwona Papa Banza, mtu wa maneno matano kwa siku, ameshika kiti cha baiskeli na anacheka hata mabega yanaruka. "Breki zimelegea," akasema alipopata pumzi. "Ungekufa. Ngoja." Akatoa spana mfukoni, akazikaza palepale, akiwa amepiga goti mbele ya mke wake huku abiria wakimpigia makofi.

Treni ilipiga filimbi saa nne na nusu, na Virginie alipunga mkono kutoka dirishani mpaka alipotoweka. Kazi ya behewa ilikuwa imekwisha, na mkubwa wa mafundi, aliyekuwa bado anafuta machozi, akamruhusu Banza kupumzika mpaka mchana. Banza akanyoosha mkono kushika usukani.

"Hapana," akasema Mama Émérence. "Wewe panda nyuma."

"Mimi? Nyuma?"

"Kwenye kibebeo, Papa."

"Mama, ita..." Akalimeza neno.

"Ikivunjika utatengeneza. Si wewe ni fundi?"

Akapanda. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, watu wa stesheni wakashika vichwa, halafu ikanyooka na kushika barabara ya kando ya ziwa kuelekea daraja la mto Lukuga. Banza akamkumbatia mke wake kiunoni asianguke, na mikono yake, iliyokuwa haifikiani tena tangu ile miaka ya fujo, ikakutana mbele, vidole vikashikana. Akavibana vizuri.

"Twende mpaka wapi?" akauliza.

"Sijui bado," akasema Mama Émérence, na akakanyaga.