Chupa Mbili za Atupele

Mwaka ule bei ya kahawa ilipoporomoka, mzee Sadoki wa Ihanda aliapa kung'oa mibuni yote apande mahindi. Binti yake Atupele, aliyepikia madereva wa malori kahawa ya shamba hilohilo pale Tunduma, alilia na kubembeleza. Mwisho akaomba jambo moja: "Baba, kabla hujang'oa, njoo uone watu wanavyoinywa." Maana mzee hakuwahi hata kuionja. Kwao, kama kwa majirani zao wote, kahawa ilikuwa ya kuuza. Ya kunywa ilikuwa chai.

Basi akaja, kanuna, akaketi kwenye benchi. Mezani palikuwa na chupa mbili za chai, zimejazwa kahawa kutoka sufuria moja. Zote zilikuwa na karatasi ya KILIMO HAI, wala haukuwa uongo, kwani Sadoki alitumia samadi tupu, bila dawa wala mbolea ya dukani. Ila asubuhi hiyo karatasi ya chupa moja ilibanduka wakati wa kuosha, na Atupele hakujali. Loo, wateja walijali!

"Dada, nimiminie ya kilimo hai," alisema Yassir, dereva kutoka Tanga. "Hiyo nyingine inakwaruza koo."

Atupele akabana kicheko. Akammiminia baba yake kutoka chupa isiyo na karatasi. Mzee akaonja, akakunja uso. "Chungu! Ndiyo maana nang'oa."

"Jaribu hii, mzee wangu," Yassir akamsogezea kikombe chake.

Sadoki akapiga funda. Akapiga jingine. "Hii sasa ndiyo kahawa! Ya nani?"

"Yako, baba," alisema Atupele. "Na hiyo uliyoikunjia uso ni yako pia. Sufuria ni moja."

Yassir akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee aliona aibu, aibu kwelikweli, kisha kicheko kikamshinda naye. Akavuta kile kikombe alichokikataa, akakinywa taratibu mpaka kikaisha.

"Mahindi nitapanda kule bondeni," alisema. "Mibuni ibaki."

Atupele alimkumbatia mbele za watu, bila kujali.

"Haya, niachie. Nifungie ya kumpelekea mama yako, naye hajaionja." Akashusha sauti. "Na uibandike ile karatasi. Namjua yule, bila hiyo atasema chungu."