Betri za Siku Mbili

Sheria ya kuziacha betri zilale siku saba ilikuwa ya baba mwenyewe. Alikuwa fundi redio kabla kifua hakijamwangusha, na ndiye aliyemfundisha binti yake: pasua sigara ya umeme iliyotupwa, toa kibetri, kijaze, kiandike volti zake ubavuni, kisha kiache. Kitakachoshuka ndani ya wiki ni kigonjwa. Kitupe kwenye debe la mchanga, usikionee huruma.

Sasa vibetri mia na arobaini vilikuwa mezani, vingali vinanukia stroberi, na vilikuwa vimelala siku mbili tu.

Umeme ulikatika jana. Boksi la zamani la betri, lililokuwa likiendesha mashine ndogo ya oksijeni, lilikuwa linakata roho. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu tangu alfajiri, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, liko njiani. Njia gani hiyo isiyokwisha, Mungu ndiye ajuaye. Asubuhi mashine ilizimika dakika tano, midomo ya baba ikawa rangi ya majivu. Binti hakutaka kuiona rangi ile tena. Akapasha chuma cha kulehemia kwenye jiko la mkaa, akaanza kuunga.

Saa saba mchana boksi jipya likashika kazi. Mashine ikanguruma, baba akafumbua macho.

"Maisha yangu yote nimegombana na wavuta sigara," akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Leo mwanangu mwenyewe ananivutisha."

Binti akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Kisha akaweka kiganja juu ya boksi. Upande wa kushoto ulikuwa na joto.

Kimoja kati ya vile vyote kilikuwa kimemdanganya. Kukitafuta kulitaka kuzima mashine nusu saa nzima, na baba hakuwa na nusu saa. Kuliacha boksi pale kando ya kitanda ni kumlaza mzee karibu na moto. Waya ulifika hadi nje ya kizingiti, basi. Akalibeba taratibu, akalizungushia mchanga wa debe, akakaa kati yake na mlango huku kiganja kikiwa palepale. Likianza kutoa moshi atauchomoa waya na kulitupa uani. Na baada ya hapo? Aliogopa kufika huko hata kwa mawazo. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, maana hayana sauti.

"Mbona umelitoa nje?" baba akauliza kutoka ndani.

"Lipate hewa, baba."



"Zililala siku saba?"

"Saba kamili."

"Na joto je?"

"Limepoa," akasema, akabadilisha mkono, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeshababuka.