Salamu za Iradukunda

Mama alivuta pombe ya ndizi kwa mrija, akameza mbele ya macho yetu, ndipo akampa mjukuu wake Iradukunda kibuyu. Kwetu Mugoma mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Kijana akatoa kitambaa, akaufuta mrija, kisha akaufuta tena.

Ndugu waliokuja kumpokea wakatazamana. Shangazi Febronia akatazama migombani. Kijana aliona ameharibu, akaniambia jambo harakaharaka kwa Kiingereza chake, na wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa nimechoka, na si kwa kazi ya siku ile.

Tulipotoka Burundi, mimi na mama tulibaki hapa Mugoma, upande wa Tanzania. Kaka yangu Niyonzima alichukuliwa kambi ya wakimbizi akapelekwa Marekani, akazaa huko, akafia huko. Mwanawe Iradukunda hakujua lugha zetu hata moja. Kila Jumapili alituma ujumbe wa sauti, nasi tukitoka misa mama aliketi mkekani, mguu mbovu ameunyoosha, akisubiri nimfasirie. Nimefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka kumi na tisa. Nani angeamini kwamba sielewi?

Lakini kile kilikuwa Kiingereza cha vijana wa huko. Akikubali jambo, alitamka neno ambalo kamusi yangu iliniambia ni kuweka dau. Akiapa kwamba hadanganyi, alisema hakuna kofia. Ningemwambia nini mama, kwamba mjukuu wake anacheza kamari kichwa wazi?

Nikaanza kujaza mwenyewe. "Anasema shikamoo bibi. Anauliza maharage yameota? Anauliza goti linaendeleaje." Mama aliitikia marahaba, akammiminia baraka ndefu za Kirundi, nami nikazituma kwa maneno matatu ya Kiingereza. Miaka miwili tulikwenda hivyo. Hata wiki aliyofariki kaka, kijana alituma sauti ndefu ya kilio, nami nikaijaza maneno yangu vilevile. Hiyo inaniuma mpaka leo.

"Anasema nini?" mama aliuliza, kibuyu bado kiko mikononi mwa mgeni.

Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni: anaomba radhi. Pengine ndivyo alivyosema. Nilikosa nguvu ya kulitoa.

"Sijui, mama. Na zile za Jumapili, nyingi sikuzielewa. Nilikuwa natunga."

Hakushtuka. Alilisugua goti lake taratibu, kama afanyavyo akitoka kupalilia.

"Nilijua. Mtoto wa Marekani angelijuaje goti langu? Ulikuwa ukiniuliza wewe." Akanitazama. "Ila kwa mdomo wako mwenyewe hujawahi."

Ilikuwa kweli. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na shamba moja tu la migomba. Kila asubuhi nilimtupia shikamoo nikiwa juu ya baiskeli, na marahaba yake ilinikuta nimeshapita. Niliona aibu mbele ya shangazi, mbele ya wote, na nilipoimaliza aibu ile nikajikuta mwepesi kidogo.

Nikachuchumaa mkekani.

"Goti linaendeleaje, mama?"

"Linauma," akasema. "Haya, mwambie mtoto aseme tena, polepole. Aanzie siku aliyofiwa na baba yake."