Kofia ya Kupinga

Marehemu baba alikuwa fundi makochi, na hakuwa mtu wa kuamini kichwa chake peke yake. Kila lilipokuja jambo kubwa pale karakanani, alitungua kofia yake ya sufu msumarini akamvisha mmoja wetu. Aliyeivaa alikuwa na kazi moja tu: kupinga. Hata kama jambo lenyewe limemkosha roho, apinge mpaka aishiwe maneno. Akiivua, yameisha, hakuna kununiana.

Siku moja ilimwangukia mama. Baba alitaka tuhamie bondeni, kwenye fremu kubwa ya biashara. "Mvua ikija, makochi yataogelea?" mama akauliza. Tulicheka mpaka machozi, lakini hatukuhama. Mvua zilipokuja, aliyepanga fremu ile alionekana akiokota mbao zake majini.

Baba alipofariki, kaka akashika usukani. Kaka yangu ana mdomo mtamu, na ndio uliotumaliza. Mwenye hoteli mmoja alimwagiza viti vya hoteli nzima, kwa sharti kwamba tusipokee kazi ya mtu mwingine mpaka tumalize. Kaka akarudi anang'aa, akatuita wote: mama, mimi, mafundi, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyeshona vitambaa vyetu tangu mwanzo. Kofia ikamwangukia baba mdogo.

"Haya, mwanangu. Huyo bwana akibadili nia, viti tutamuuzia nani?"

"Habadili. Nimekula naye meza moja."

"Na upana huo anaoutaka? Mlango gani wa nyumba ya kawaida utavipitisha?"

"Baba mdogo, wewe kila kitu unaona giza tu!"

"Si mimi, ni kofia. Ndiyo kazi yake. Nijibu."

Kaka alimvua mzee kofia mbele za watu, akafutia nayo gundi iliyomwagika mezani. Mafundi wakacheka, maana bosi alikuwa anacheka. Mama aliinuka akaenda zake ndani. Mimi damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa. Asubuhi baba mdogo alikuja kuchukua mkasi wake, akatuaga kwa upole, akaondoka.

Wateja wetu tukawarudisha mlangoni, wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Viti vikiwa karibu kwisha, hoteli ikauzwa. Mwenyewe mpya akataka viti vya plastiki. Malipo ya awali yalikuwa yameshaishia kwenye mbao na sponji.

Sasa viti vimepangwa mpaka darini. Mtu akiingia anavisifu, anapima upana kwa mikono, anakumbuka mlango wa kwake, anashukuru na kuondoka. Mafundi wametawanyika. Mwisho wa mwezi tunakabidhi funguo, na karakana ya baba ndiyo basi tena.

Jana kaka alituita mama na mimi. Aliitoa kofia chini ya meza, imekakamaa kwa gundi, akaivaa mwenyewe. Ilimkaa upande.

"Leo napinga mimi," alisema. "Mama, toa wazo. Lolote lile."

Mama alitazama viti. Mimi nilikuwa nimemwekea kaka maneno makali kwa siku kama hii, nikayatafuta nisiyaone. Nilimhurumia, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Akangoja, kofia kichwani. Hakuna aliyekuwa na wazo la kupingwa.