Ufagio kwenye Kiti cha Mwisho

Nives alikuwa akigonga barafu kwenye viti, kimoja baada ya kingine, kadiri vilivyompitia. Waya ulilia juu ya kichwa chake, kiti kikaja, akakigonga kwa fimbo, barafu ikaporomoka, kiti kikapanda mlimani kitupu. Kikaja kingine. Vilikuwa viti vya mbao vya watu wawili, na kila kimoja kilikuwa na kisahani cha bati cha kuzimia sigara, tangu enzi zile watu walipokuwa wakivuta hata hewani. Rangi ya machungwa ilikuwa imebaki pembeni tu.

Redio iliyoning'inia kifuani mwake ikakoroma.

"Wewe wa chini, uko hai?"

"Niko hai, Tullio."

"Huku juu sioni hata pua yangu. Ukungu mtupu. Wateja wapo?"

Nives alitazama uwanja wa magari. "Wapo kunguru wawili."

"Wauzie tiketi basi."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya asubuhi. Zamani pale chini walikuwa watatu: mmoja kwenye dirisha la tiketi, mmoja wa kuwakalisha watu kwenye viti, mmoja wa mashine. Kisha kampuni ya mjini ikainunua lifti ya Colmanera, hiyo ya viti vya kupandisha watu mlimani wakateleze theluji, na meneja wao, Bwana Ghibaudo, akaona mtu mmoja anatosha kwa kazi zote tatu. Ersilia, aliyekuwa amefanya kazi na Nives tangu wote wawili hawajaolewa, aliachishwa kabla ya Krismasi. Tangu hapo Nives alishinda na redio na waya. Hoteli ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunga madirisha yake yote. Kwenye ukuta wake bado kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa suruali pana chini, akicheka na mbao zake za skii begani. Sasa angekuwa bibi.

Nives hakutaka makubwa. Alitaka msimu ufike mwisho wa Machi. Mfanyakazi wa msimu akifika hapo, serikali humpa posho ya kumvusha mpaka majira ya baridi mengine. Asipofika, hapati kitu. Gesi ilikuwa imepanda bei, na kule kwake alikuwa ameshahamia jikoni, analala karibu na jiko la kuni, vyumba vingine amevifunga. Na kila siku saa kumi jioni Ghibaudo alipiga simu kuuliza idadi ya wateja. Idadi ikiendelea kuwa ndogo, alisema, lifti itafunguliwa mwisho wa juma tu, na kwa mwisho wa juma ana vijana wake wa mjini.

Basi la asubuhi lilimshusha abiria mmoja. Alikuwa mzee mrefu, koti la skii la bluu lililopauka, mbao zake nyembamba kama za makumbusho. Alikuja akitembea taratibu, nyonga moja ikimsumbua.

"Mmefungua?"

"Tumefungua, mzee. Mlima wote wako."

"Wote? Basi nitaanza kutoza kodi."

Alijitambulisha kuwa ni Evasio, zamani akitia nyuzi rangi katika kiwanda cha sufu huko bondeni, sasa mstaafu. Alisimama langoni akatazama viti kama mtu anayewatambua jamaa zake.

"Kiwanda kilikuwa kinatuleta kwa mabasi kila Jumapili," alisema. "Foleni ilianzia hapa ikaishia kule kanisani. Mke wangu nilimpata kwenye foleni hii hii. Alinikanyaga na mbao zake, halafu akanigombeza kwa nini nimeweka mguu hapo."

"Na leo umemwacha wapi?"

"Makaburini. Hataki tena baridi."

Nives hakujua acheke au ampe pole. Mzee akacheka kwanza, na yeye akacheka. Akamshikia kiti kisimgonge miguu, Evasio akakaa upande wa kushoto, akaacha upande wa kulia wazi, akapanda kuingia kwenye ukungu.

Siku nzima alikuwa mteja peke yake. Alishuka polepole, akizunguka kona pana za kizamani, kisha akarudi langoni.

"Samahani, mwisho wa foleni ni wapi?"

"Nyuma yako, mzee. Usisukumane."

Kila mzee alipopanda tena, Nives alijikuta anatazama kule ukungu unakokatikia, akimngoja. Mchana alimkaribisha kibandani, wakagawana supu ya maharage na mkate, magoti karibu yagusane kwa udogo wa kibanda.

"Nyumbani unakaa na nani?" Nives aliuliza.

"Na televisheni. Lakini ina maneno mengi, hainipi nafasi ya kusema." Alifuta bakuli kwa kipande cha mkate. "Mwanangu yuko Australia. Akiamka, mimi nalala. Nikiamka, yeye analala. Tunapendana hivyo hivyo, kwa zamu."

Alasiri ukungu ulishuka hadi kwenye nguzo ya tatu. Evasio alivua mbao zake, akasema inatosha, atakwenda kunywa kahawa kwenye baa angojee basi. Alimpa Nives mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nives akamwangalia akienda, nyayo zake zikivuka uwanja mtupu.

Ilipofika saa ya kufunga, Nives alifagia theluji pale watu wanapokalia viti, pakawa safi. Kisha akafanya kama ilivyofanywa pale tangu lifti ijengwe: kiti kilipopita, akakining'inizia ufagio. Ufagio ukifika juu, Tullio anajua nyuma yake hakuna mtu tena. Anazima mashine, anafunga kibanda chake, anateleza kurudi chini akikagua njia. Na wa chini, akishaning'iniza ufagio, anafunga lango kwa mnyororo, kisha anasimama pale pale mpaka waya usimame. Miaka yote ilikuwa hivyo. Wakati huo Ersilia ndiye aliyekuwa akipokea simu.

Simu ikalia kwenye dirisha la tiketi, na mnyororo ukiwa bado mkononi mwa Nives. Ghibaudo hakupenda simu ilie mara nyingi. Nives aliutundika mnyororo kwenye ndoano, lango likiwa bado wazi, akakimbia.

"Idadi," alisema Ghibaudo.

"Kihesabio cha langoni kimeandika kumi na mbili, bosi."

"Hizo ni safari. Nataka watu."

"Mmoja."

Ghibaudo akaanza kumweleza habari za umeme, kana kwamba ni Nives aliyeupandisha bei. Nives alisema ndiyo bosi, sawa bosi. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda maua ya barafu, langoni haoni kitu. Alisikia viti vikipita, vikipita. Ghibaudo akasema kesho atapanda mwenyewe kuamua, na asitarajie mazuri. Alipokata simu, waya ulikuwa umeshanyamaza.

Nives alirudi langoni kuchukua mnyororo, akasimama.

Pale alipofagia palikuwa na theluji mpya, iliyoanguka akiwa kwenye simu, nyembamba kama unga uliochekechwa. Juu yake zilipita alama mbili za mbao za skii, nyembamba, zimenyooka. Ziliingia langoni, zikafika mahali pa kukalia kiti, zikaishia hapo.

"Tullio!" Alibonyeza redio. "Tullio, ufagio umefika?"

"Umefika, nimezima, nimefunga, niko njiani. Weka kahawa."

"Kuna mtu nyuma ya ufagio."

"Acha utani, dada."

"Tullio, kuna mtu kwenye kiti."

Alimsikia akitukana, lakini si yeye aliyetukanwa. Njia ya kuteleza ilipita mbali, nyuma ya msitu. Kupanda tena kwa miguu hadi juu kungemchukua mpaka giza liingie.

Alimpigia Ghibaudo. "Usiguse mashine!" Ghibaudo alifoka. "Bila mtu juu, waya hauzunguki. Ndiyo kanuni. Akianguka, ni wewe. Ita waokoaji, mimi niko karibu, nakuja." Waokoaji wakasema wanatoka bondeni, na ukungu huu, saa moja, pengine zaidi.

Nives alitoka nje. Upepo ulikuwa umeanza, viti vilikuwa vinayumba. Akaweka mikono mdomoni.

"Mzee Evasio!"

Kutoka ndani ya ukungu, juu, sauti ndogo ikajibu: "Foleni haisogei!"

Alilia na kucheka kwa pamoja. "Usiruke! Shika chuma! Usiruke!"

Akamwita tena baadaye, na mara hii jibu lilichelewa na halikuwa na maneno. Mara ya tatu hakujibiwa.

Aliingia kwenye chumba cha mashine. Ile ya dizeli, ya akiba, iliwekwa kwa ajili ya siku umeme unapokatika, nayo iliweza kuuzungusha waya kinyumenyume, taratibu. Tullio alikuwa na mamlaka ya kuiwasha. Nives hakuwa nayo. Aliwahi tu kumwona akifanya hivyo mara moja, miaka mingi nyuma. Mashine ilikohoa, ikazimika. Akajaribu tena, ikakohoa, ikashika.

Viti vikaanza kurudi vikiwa vimempa mgongo. Kitupu. Kitupu. Upepo ulipovuma alikuwa anapunguza, ukitulia anaacha viende. Alishika mpini wa breki kwa mikono miwili, macho kwenye ukungu, na hakuomba dua yoyote kwa sababu hakuna iliyomjia. Kitupu. Kitupu. Kisha akaona mgongo wa koti la bluu, umeinama.

Tullio alifika mbio wakati Nives anajaribu kumnyanyua. Walimbeba wawili mpaka kibandani. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, vidole havikunjuki, lakini macho yalikuwa yanatembea. Wakamkalisha karibu na jiko, Tullio akamnywesha kahawa iliyotiwa pombe kali, ikamwagika nusu kidevuni. Mzee alimeza iliyobaki, akajifuta kwa kiganja.

"Baa ilikuwa imefungwa," alisema. "Nikaona viti vinazunguka, lango wazi, hakuna mtu. Nikasema, labda ameniachia moja ya mwisho. Zamani walikuwa wanatuachia." Alimtazama Nives. "Nimekuletea balaa, siyo?"

Ghibaudo aliingia na viatu vya mjini vimelowa. Alimtazama mzee, akaona anapumua, akavuta pumzi yeye pia. Aliwapigia waokoaji warudi. Kisha akageuka.

"Sasa tuelewane mapema. Lango lilifungwa kwa mnyororo?"

Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Nives, sikiliza. Kama mnyororo ulikuwepo, mteja ameuvuka kwa makosa yake. Kampuni haina shida, na mimi sina sababu ya kufunga lifti. Tunaendelea mpaka Machi, wote. Kama haukuwepo..." Alifungua mikono yake. "Unaelewa."

Tullio alikuwa ana watoto wawili shuleni. Alitazama buti zake.

"Ulikuwepo," alisema Evasio.

Wote wakamgeukia.

"Mnyororo ulikuwepo. Niliuruka." Alisema hivyo huku amekaa, kikombe amekishika kwa viganja kwa sababu vidole vilikuwa bado vimekufa. "Ukaidi wa uzee. Andika hivyo, bwana, nitatia sahihi."

"Uliruka na mbao mguuni?" Tullio aliropoka.

"Nilikuwa bingwa wa kiwanda," Evasio akajibu, bila kumtazama mtu.

Uso wa Ghibaudo ulilegea. "Basi. Itakuwa na faini ndogo, mzee, lakini tutaona. Nives, wewe unasema hivyo hivyo?"

Nives alimtazama mzee. Nyonga ile isingevuka hata kizingiti bila kushika ukuta. Ilikuwa imemchukua siku moja kumzoea, na tangu Ersilia aondoke hakuna mtu aliyempa kitu chochote. Sasa alikuwa anapewa hiki. Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Machi ilikuwa karibu, angeweza karibu kuinusa: matope, nyasi za kwanza, posho benki.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Hapana. Haukuwepo. Nilikuwa nao mkononi, ukapiga simu."

"Angalia unachosema."

"Nilikuwa dirishani nakusomea idadi, bosi. Lango na dirisha si mahali pamoja."

"Nives, dada..." Tullio alinong'ona.

Ghibaudo aliifunga zipu ya koti lake mpaka shingoni. Hakupaza sauti. "Na mashine umewasha bila ruhusa. Hilo nitaliandika pia. Acha funguo mezani. Kesho usije."

"Na nani atashika chini?" Nives aliuliza.

"Tullio."

"Na juu?"

"Juu tutaweka kamera."

Nives akazitoa funguo kwenye mkanda wake, akaziweka kando ya bakuli za supu ambazo hazijaoshwa.

Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Nives alimwingiza Evasio kwenye kigari chake, akalaza kiti, mbao nyembamba zikapita katikati yao mpaka kwenye kioo cha nyuma. Taa za gari zilimulika theluji na vibao vya hoteli ambazo hazikuwa hoteli tena.

"Ungeninyamazia tu," alisema mzee. "Faini ningelipa kidogo kidogo. Nilikupa kwa moyo."

"Najua."

"Sasa utakula nini?"

"Sijui, mzee."

Walipofika njia panda, barabara mpya ya kwenda bondeni ilikuwa upande wa kulia, fupi, imeshamwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Nives alipunguza mwendo. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumngoja, wala kwa mzee. Aliwasha taa ya kukata kushoto, akashika barabara ya zamani, ile ndefu inayopita vijijini, na Evasio, ambaye njia zote mbili alizijua, hakumwuliza kwa nini.