Jioni Kwenye Manyoya ya Biskuti

Bibi Mavis alipiga simu mchana, Renita yuko kibarazani anamtoa mbwa miiba miguuni, na hata salamu hakutoa.

"Hiki kiti nimekichoka. Kesho siendi kwenye mashine. Narudi nyumbani."

Renita akauachia mguu wa mbwa.

Hapa Mutitjulu, kijijini kwetu chini ya mwamba mkubwa, hakuna asiyejua maana ya maneno hayo. Figo za Bibi zilishagoma zamani, damu yake inasafishwa na mashine kule mjini Alice Springs, mwendo wa nusu siku kwa gari. Mashine ya huku nyumbani ipo, ila viti vyake ni vichache na vyote vina watu, kwa hiyo Bibi anasubiri zamu. Ukiiacha mashine ukarudi nyumbani hivi hivi, umerudi kuagwa. Wako waliorudi hivyo. Watu wakawachomea nyama nzuri, wakawaimbia, na siku si nyingi nyumba ya marehemu ikahamwa, ikabaki wazi na upepo wake.

"Bibi, vumilia kidogo tu. Kiti kitapatikana."

"Nimevumilia mpaka makalio yamekuwa bapa kama mkate wa majivu."

Renita akacheka huku machozi yanamlenga. "Basi sema unataka nini. Chochote. Nakuletea."

Kule nyuma ya Bibi kulisikika televisheni na mtu anakohoa.

"Jioni ya upande wangu," Bibi akasema, na sauti ikawa ndogo. "Nina muda sijaiona, mjukuu wangu. Zile rangi zinavyopita pale. Niletee hiyo."

"Leo leo unaipata!"

"Usinitumie ule upande wa watalii. Huo uko mpaka kwenye kalenda ya kliniki, nautazama kila siku, umenichosha kuliko sindano."

"Upande wako, Bibi. Jioni. Ila kesho uende kwenye mashine."

"Nitaona kwanza," akajibu, akakata simu.

Sasa we Renita, umeahidi nini? Upande wa Bibi ni upande wa wanawake, na haupigwi picha. Watalii wamewekewa mabango kuambiwa hivyo. Sisi hatuhitaji bango. Kilichopo pale kwenye mwamba kinatazamwa na mwanamke, kwa macho yake, akiwa amefika pale kwa miguu yake. Mwanaume akipita njia ile anageuza uso, anaangalia mchanga, anaendelea na safari. Na upande wenyewe una wenyewe: Bibi Mavis ndiye mkubwa wao aliyebaki.

Renita alikuwa anajua yote hayo tangu hajaanza kuongea vizuri. Lakini alipiga hesabu yake kichwani. Mimi mwanamke. Bibi mwanamke. Mahali pa wanawake. Picha inatoka kwangu inaingia kwake, nani kaumia? Hesabu ikakaa sawa kabisa, na yeye akaipenda.

Akaenda kumwamsha Shangazi Noreen, bintiye Bibi, mwenye ile Toyota kuukuu ambayo mlango wake mmoja umefungwa kwa waya.

"Shangazi, tukakae upande wa Bibi jioni ya leo."

"Kuna nini?"

"Bibi amepakumbuka."

Noreen akamtazama. Halafu akaenda kutoa mkia wa kangaruu kwenye friji. Kwake yeye hilo ndilo lilikuwa jibu.

Biskuti akaruka nyuma bila kukaribishwa. Mbwa mweupe pee, jamani, hakuna mwingine wa hivyo mtaani, na weupe wenyewe unaishi siku mbili tatu tu baada ya mvua, kisha mchanga unamrudishia wekundu. Juzi ilikuwa imenyesha. Kwa hiyo alikuwa mweupe, na alijua, alikuwa anaringa.

Walifika pale wanapokaa wanawake siku zote, penye ile miti miwili ya kivuli na majivu ya zamani. Mwamba uko mbele yao kabisa, karibu. Ulivyo pale sikwambii, na wewe usiulize. Noreen akachimba shimo, akawasha moto, akasubiri makaa, akaufukia mkia ndani ya mchanga wa moto. Akabandika kopo la chai, akamwaga sukari bila kuhesabu. Chai ilipoisha akatandika blanketi, akalala chali, mikono kifuani.

"Ukiiva uniamshe."

"Sawa, Shangazi."

"Na usichezee simu mpaka mbwa akaiba nyama."

Renita alisubiri mpaka aliposikia anakoroma. Akasogea pembeni, simu mkononi.

Halafu rangi zikaanza. Wewe! Kwanza mwamba ulikuwa na rangi ya vumbi tu, kama umechoka. Jua likateremka kidogo, ukawa rangi ya tofali. Renita akapiga picha. Ukawa kama chungu kimetoka motoni. Akapiga. Ukaingia rangi ya chungwa, lakini chungwa gani hilo linalowaka kutokea ndani? Akapiga, akapiga, akapiga. Alikuwa amesahau kupumua. Tangu mtoto amekaa hapa jioni ngapi, lakini leo ilikuwa kama mwamba unageuka mbele yake yeye peke yake, unamwambia haya, mpelekee bibi yako. Mara mbili tu simu ilimponyoka ikapiga vitu vingine: kopo, mkia wa Biskuti. Hakujali.

"Hebu nione."

Noreen alikuwa amesimama nyuma yake, blanketi mabegani. Hakuwa amekasirika, alikuwa anatabasamu kabisa. "Umempiga picha mbwa? Nimeona anakaa kama bwana harusi. Nione."

Na Renita, badala ya kusema hapana, akaiacha simu wazi mkononi. Noreen akaichukua simu, akasukuma kwa dole gumba lake lenye masizi. Mkia wa mbwa. Akacheka. Kopo. Akasukuma tena.

Tabasamu likaondoka taratibu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Hizi za nani?"

"Za Bibi. Za Bibi peke yake, Shangazi. Amesema kesho haendi kwenye mashine. Nimemwahidi. Yeye mwanamke, mimi mwanamke..."

"Mama kasema haendi?"

"Amesema."

Noreen akakaa chini, mchangani. Akawa anaitazama simu ikiwa imefunikwa kifudifudi pajani.

"Hii simu jana usiku ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Renita."

"...Kwa Clifton. Alikuwa anaangalia mpira."

"Na juzi?"

"Kwa baba zake wadogo."

"Na ule mfuko wa picha wa familia, nani alituwekea kwenye simu? Ulipita nyumba kwa nyumba unatuambia, piga tu, haina haja ya kutuma, zinakwenda zenyewe, mpaka binamu wa kule Ernabella wanaziona. Si wewe?"

Renita alikuwa amesahau. Wallahi alikuwa amesahau kabisa! Nyuma ya mwamba hapa hakuna mtandao, picha zimetulia ndani ya simu. Lakini wakifika tu karibu na duka, penye mnara, zitapanda zenyewe, moja baada ya nyingine, na zitatua kwa ndugu yake Clifton, kwa wajomba, kwa vijana wa Ernabella wanaokula chipsi huku wanatazama. Mahali ambapo mwanaume anageuza uso, wao watakuza kwa vidole viwili.

"Nao hawatauliza Renita amefanya nini," Noreen akasema polepole. "Watauliza, Mavis ndiye mwenye upande ule, imekuwaje? Watasema yuko kitandani mjini anauza picha za kule. Ataisikia hiyo akiwa kwenye kiti chake, sindano mkononi. Unadhani baada ya hapo atakaa?"

"Hapana."

"Mimi ni mwanawe. Unadhani sijui anavyotaka kupaona?" Akamrudishia simu. "Mimi sijui kuzifuta. Futa wewe."

Renita akafuta. Chungwa likaenda. Chungu kikaenda. Tofali, vumbi. Akaingia na kwenye lile pipa la ndani ya simu ambako zinajificha zilizofutwa, akazifuta na huko, Noreen akiwa amempa kisogo ili asihesabiwe kuwa alishuhudia. Kila moja ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Machozi yalidondoka kwenye kioo, simu ikadhani ni kidole, ikafungua redio.

"Zima hiyo," Noreen akasema, na wote wawili wakacheka kwa shida, kicheko cha msibani.

Zikabaki mbili. Kopo la chai. Mkia wa mbwa.

Jua lilikuwa limebaki kipande. Renita akakaa amejiinamia, anapanga atamwambia Bibi nini. Kwamba betri iliisha? Kwamba mawingu? Akawa anaziangalia zile mbili bila kuziona. Halafu akaziona.

Kopo lilikuwa jeusi upande mmoja, masizi. Upande wa pili, ule unaotazama mwamba, lilikuwa jekundu. Si la kuchorwa. Jekundu la kumulikwa. Na ule mkia mweupe, ncha yake ilikuwa kama imechovywa kwenye juisi ya chungwa.

Akainua kichwa. Biskuti alikuwa amekaa wima, anausubiri mkia wa kangaruu utoke shimoni, mgongo kwa jua, kifua kwa mwamba. Mgongoni jua limemchora mstari wa dhahabu. Na kifuani, jamani, kifuani mwamba ulikuwa unamwakia. Rangi zote zile, zilezile, zinapita juu ya manyoya meupe ya mbwa wa mtaani.

"Shangazi! Usimfukuze Biskuti! Usimpe nyama!"

"Una kichaa?"

"Kaa hapo hapo ulipo. Geuka huku. Hapana, usitabasamu, lala kama ulivyokuwa umelala!"

Akaupa mwamba mgongo. Kabisa, hata ukucha wake usiingie. Akapiga kifua cha Biskuti, rangi ya kaa la moto. Akapiga uso wa Noreen aliyejilaza na kujifanya amelala huku kope zinacheza, shavu lake limekuwa kama shaba. Akapiga mlango mweupe wa Toyota, ule wa waya, umegeuka rangi ya ua. Jua likazama, na ule mwanga wa mwisho ukaja, ule ambao watalii huwa wameshapanda mabasi yao wameondoka. Kifua cha mbwa kikawa zambarau. Kikawa kama maji ya usiku. Halafu kikawa mbwa tu.

Mkia wa kangaruu waliufukua umeungua nusu.

Penye mnara, simu ilianza kulia ting, ting, ting, picha zinapanda. Clifton hata hakusubiri wafike nyumbani, akapiga simu.

"Dada, mmekwenda kutalii mbwa?"

"Nyamaza wewe."

"Hapana, nauliza tu. Mwambie Biskuti nataka sahihi yake. Na Shangazi amekufa au amelala?"

"Nipe hiyo simu nimtukane," Noreen akasema, lakini wakati huo huo Bibi akaingia na simu yake, Clifton akakatwa.

Kulisikika pumzi ya Bibi tu, na kidole kikigongagonga kioo, kwa sababu Bibi anasukuma picha kwa kugonga kama anabisha hodi. Noreen alisimamisha gari pembeni ya barabara.

"Noreen umemlaza pale pale," Bibi akasema mwishowe. "Nilikuwa namlaza pale akiwa mchanga. Alikuwa hanyamazi mpaka arudishwe pale."

Noreen akaangalia dirishani.

Tok, tok. "Hii ni ile kabla haijawa nyekundu. Inadanganya kidogo, unadhani imeisha." Tok. "Eeh. Hii sasa. Hii ndiyo." Akakaa kwenye hiyo muda mrefu kweli. Renita hakuuliza ni ipi, alijua ni kifua cha mbwa. "Na mwamba wenyewe hujaupiga."

"Niliupiga, Bibi. Nikafuta."

Renita akaangalia kama mtandao umekatika.

"Zote?"

"Zote. Hata za kwenye pipa."

"Mimi nilikuambia niletee rangi," Bibi akasema, na ndani ya sauti kulikuwa na ukali na kitu kingine kinachocheka. "Mwamba ninao. Unadhani nimeusahau ulivyo? Hebu subiri." Akasikika anamwita mtu. "Wewe mzee wa kule Kintore! Njoo uone. Njoo, hakuna shida, ni mbwa wangu. Tazama kifua hicho. Kwenu mna mbwa wa hivi?"

Sauti ya mwanaume ikasema kitu, Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Anasema kesho tukiwa kwenye viti nimwonyeshe tena, macho yake asubuhi ndiyo mazuri," akawaambia. "Na huyu mwingine naye anataka. Haya, nakwenda kulala, gari la kliniki linakuja mapema. Noreen."

"Mama."

"Mkia umeungua, moshi wake nimeuona kwenye picha. Na Renita."

"Naam, Bibi."

"Mvua ikinyesha tena, mpeleke huyo mbwa."